Tanuri Katika Nyumba ya Eda

Njombe mjini maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 za joto. Mji umekaa juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Sufuria huanza kutokota maji yanapofika nyuzi 93 hivi. Ndiyo sababu maharage ya Njombe hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Tanga, na mgeni wa pwani akinywa chai ya huku husema haina ukali. Sisi tumeishi katika mji huo na katika mji jirani wa Makambako kwa miaka mingi, tukipika kila siku, bila jambo hilo kutushughulisha. Tulikuja kulijua kwa njia ya keki.

Tunaoandika ni mawifi wawili. Mmoja aliolewa Njombe, na mwingine, dada wa mume wake, anaishi Makambako, takriban kilomita 60 kaskazini, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia. Baba, ambaye ni mzazi kwa mmoja wetu na mkwe kwa mwingine, alizaliwa Tanga na kuletwa nyanda hizi na kazi ya reli ya TAZARA, iliyopita Makambako katika miaka ya 1970. Kwa hiyo mkate wa kumimina, vileja na visheti vilikuwapo mezani kwetu katika nchi ya viazi na ulanzi. Alivipika mama, alfajiri, peke yake, na alipofariki hakuna aliyerithi vipimo vyake, kwa kuwa hakuwa na vipimo. Alikuwa na mkono.

Mwezi wa Mei 2022 kaka yetu alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Wasomaji wanajua kwamba mali ya marehemu haigawanywi kwa warithi kabla ya kutolewa gharama za mazishi na kulipwa madeni, na madeni yalikuwapo: shilingi 2,400,000 kwa watu watatu tofauti, wote waungwana, wote nao wakiwa na shida zao. Mbao zilizobaki ziliuzwa na kulipa zaidi ya nusu. Mkewe alikuwa na meza ya vitenge sokoni, nayo ikafungwa siku ya msiba. Mbele yake kulikuwa na eda ya miezi minne na siku kumi, watoto watatu, na baridi ya Juni iliyokuwa ikibisha hodi.

Shekhe wa msikiti wetu alimweleza kwamba wapo wanazuoni wengi wanaomruhusu mjane kutoka mchana kwa haja ya riziki, mradi usiku alale nyumbani kwake. Ruhusa hiyo aliisikia na kuishukuru. Lakini meza ya sokoni ni kazi ya kutwa nzima, ya kuita wateja na kupigana bei na wanaume kwa wanawake, na moyo wake haukuwa huko. Aliamua kukaa ndani na kutafuta kazi ya ndani.

Kazi hiyo ilianza kama kubana matumizi tu. Mwaka ule bei ya unga wa ngano ilipanda nchi nzima. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na vita vilivyozuka Februari kati ya Urusi na Ukraini, nchi mbili zinazolisha dunia kwa ngano, vilifika hadi kwenye boflo la dukani: likapungua ukubwa, likapanda bei. Watoto watatu humaliza boflo moja kabla chai haijapoa. Wifi wa Makambako akapiga hesabu dukani kwa jirani yake, akanunua mfuko wa unga wa kilo 25 na pakiti za hamira, akavipakia kwenye basi dogo la Njombe. Alituma na ujumbe: tujaribu wenyewe.

Hatukuwa na mwalimu. Tulikuwa na simu mbili, jiko la mkaa, sufuria mbili za kuingiliana, na mizani ndogo iliyokuwa ikipimia misumari katika duka la vifaa vya ujenzi la shemeji. Mizani hiyo ilituokoa zaidi ya kitu kingine chochote. Tangu siku ya kwanza tuliandika kila kitu katika daftari la shule, gramu kwa gramu, kila mmoja na daftari lake, na usiku tukasomeana kwenye simu. Anayetaka kujifunza kuoka peke yake, tungemshauri anunue mizani kabla ya kununua hata kopo la keki. Kikombe cha unga uliojazwa kwa kubonyeza na kikombe cha unga uliomiminwa tu vinaweza kutofautiana kwa zaidi ya gramu 20, na mkate huijua tofauti hiyo.

Kilichotuteka kwanza ni hamira. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, kama tanuri lilivyotoka humo, na ni maneno ya kale sana. Katika Sura Hud, kwenye kisa cha Nabii Nuhu, limetajwa tannur, na wafasiri wengi hueleza kwamba kububujika kwa maji kutoka katika tanuri kulikuwa alama ya kuanza kwa gharika. Binadamu walitumia hamira kwa maelfu ya miaka bila kujua ni nini, hadi Mfaransa Louis Pasteur alipoonesha katika miaka ya 1850 kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai. Sisi hatukuhitaji darubini kuamini kwamba ile punje ya rangi ya mchanga ina uhai. Ilitosha kuona inavyoogopa baridi. Maelekezo yote tuliyoyapata yalisema donge liachwe liumuke kwa saa moja. Saa moja ya wapi? Njombe mwezi wa Juni, asubuhi, nyumba isiyo na jua haifiki hata nyuzi 10. Donge lilikaa saa nne likiwa limejikunyata kama mtoto aliyenyimwa shuka. Likapewa shuka: lilifunikwa ndani ya sufuria kubwa, likazungushiwa blanketi, likawekwa karibu na jiko lililokuwa likizimika. Baada ya saa moja na nusu kifuniko kilikuwa kimeinuka chenyewe.

Yaliyofuata ni vigumu kuyaeleza kwa mtu ambaye hajakanda unga akiwa na huzuni. Mikono inapata kazi na kichwa kinanyamaza. Mwenye eda alisema kwamba dakika kumi na tano za kukanda ndizo zilizokuwa dakika za siku ambazo hakuwa akimsikiliza mtu mlangoni. Na yule wa Makambako, aliyempoteza kaka na akiwa na mume na duka vinavyomtazama, alianza kuamka kabla ya adhana ya alfajiri ili akande kabla nyumba haijaamka. Tulianza kwa kubana matumizi. Ilipofika wiki ya tatu tulikuwa tukisubiri usiku uishe.

Viazi viliingia kwa njia ya jirani. Wanawake wa Kibena walipokuja kutoa pole walileta viazi mviringo, debe kwa debe, kama ilivyo desturi ya huku mtu kuja msibani na alichovuna. Vilikuwa vingi kuliko tulivyoweza kula. Tukavichemsha, tukaviponda vikiwa vya moto, tukavichanganya na unga: gramu 150 za kiazi kwa gramu 500 za unga, na maji yaliyochemshia viazi, yakiwa vuguvugu, ndiyo ya kukandia. Mkate huo ulibaki laini hadi siku ya tatu, ilhali wa unga mtupu ulikauka siku ya pili, kwani hewa ya kiangazi cha huku ni kavu. Ndio mkate unaotuletea wateja hadi leo. Parachichi nalo tulilijaribu badala ya siagi, kwa kuwa Njombe sasa ni nchi ya maparachichi. Ladha haikuwa mbaya, ila keki ilitoka ya kijani na watoto waliikataa katakata.

Turudi kwenye keki na maji yanayochemka mapema. Mtoto wa dada yetu aliyeko Tanga alitutumia vipimo vya keki ya kawaida, ambayo yeye huioka kila mwisho wa juma: unga nusu kilo, sukari robo, siagi robo, mayai sita, poda ya kuumulia keki vijiko vinne vya chai, maziwa nusu kikombe, na iliki. Keki iliyotoka Njombe ilipanda vizuri hadi ikatutia kiburi, kisha ikatumbukia katikati ikiwa bado motoni na kubaki na shimo kama kisahani. Makambako vipimo hivyohivyo vilishuka kidogo tu. Hakuna aliyekosea, madaftari yalilingana gramu kwa gramu. Tukaamua kuoka siku moja, saa moja, miji mitatu, kwa makopo ya kipimo kimoja, kila mmoja akipima kimo cha keki kwa rula ya mtoto. Tanga ilisimama wima. Makambako, iliyo juu kidogo ya mita 1,600, ilibonyea. Njombe ikapata shimo.

Aliyetufumbulia ni binti wa mwenye eda, wakati huo akiwa kidato cha tatu. Aliangalia rula tatu, akaenda kuleta daftari lake la fizikia. Mgandamizo wa hewa, alisema, hupungua kadiri unavyopanda mlima. Gesi inayotengenezwa ndani ya rojo ya keki haina kitu kizito cha kuizuia juu yake, basi huvimba upesi na kuvimba mno, na kuta za keki hupasuka kabla yai na unga havijakaza. Na kwa kuwa maji hugeuka mvuke mapema, keki hupoteza umajimaji wake huku ndani ikiwa bado haijaiva. Tulimtazama kwa mshangao. Miaka mingi tumelipa ada ili fizikia ikae kwenye daftari, na leo imeingia jikoni na kukaa juu ya kigoda.

Kuanzia hapo tulipunguza na kuongeza kidogo kidogo, jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sababu ukibadilisha mawili hutajua lipi lililokusaidia. Kwa Njombe tulifikia hapa: poda ya kuumulia vijiko viwili na nusu badala ya vinne, sukari ipunguzwe vijiko viwili vya mezani, yai la saba liongezwe, maziwa yaongezwe vijiko vinne vya mezani, na moto uwe mkali kidogo kuliko unaoambiwa. Makambako hutumia vijiko vitatu vya poda, na mayai hubaki sita. Keki kumi na moja zilipita hapo kati. Zililiwa zote, zenye shimo na zisizo na shimo, na watoto wa jirani wakajifunza siku zetu za kuoka.

Hiyo poda ina kisa chake. Mwaka 1843 mkemia wa Birmingham, Uingereza, aliyeitwa Alfred Bird, alitengeneza poda ya kuumulia kwa sababu mkewe hakuweza kula hamira wala mayai. Tulipokisoma kisa hicho tulicheka kwa pamoja kwenye simu, mara ya kwanza tangu msiba: mwanamume aliyeacha shughuli zake akaenda kumtafutia mkewe namna ya kula mkate.

Si kila mtu alifurahi nasi. Mwezi wa pili wa eda, mmoja wa wazee wa ukoo alipita kujulia hali, akakuta nyumba inanukia iliki na siagi. Hakusema kitu pale. Alisema baadaye, kwa watu wengine, kwamba nyumba ya eda imekuwa nyumba ya sherehe. Maneno hayo yalirudi Njombe kwa njia ambazo maneno hurudi, na kwa siku mbili jiko halikuwashwa. Tunaandika haya kwa sababu tunaamini wapo wajane wengine wanaosoma ukurasa huu ambao wameambiwa maneno ya namna hiyo. Tulikwenda tena kwa shekhe, safari hii wifi wa Makambako akiwa na mumewe. Jibu lilikuwa wazi. Eda inamzuia mjane kujipamba, kujitia manukato, kuposwa waziwazi, na kutoka pasipo haja. Haimzuii kufanya kazi ya halali kwa mikono yake ndani ya nyumba yake, na harufu ya chakula kinachoiva si manukato aliyojipaka mtu. Shekhe mwenyewe alimpigia simu mzee, wakazungumza kwa heshima. Jumatatu jiko likawashwa. Mzee huyo, Mungu amzidishie, ndiye aliyeagiza mikate sita ya hitima ya siku arubaini ya jamaa mwingine, na alilipa kabla.

Wateja wetu wengi si Waislamu. Hilo ni la kawaida hapa. Waislamu wa Njombe ni wachache, na tunaishi na watu vizuri. Wa kwanza kununua alikuwa mama yuleyule wa viazi. Alipelekewa mkate kwa ajili ya wanawe, akarudi kesho yake na fedha mkononi, akisema kwamba zawadi ni ya jana, leo ananunua. Baadaye aliagiza keki ya kipaimara cha binti yake na akaomba iwekwe msalaba juu. Tulishauriana, kisha tukamwambia kwa upole kwamba keki tutamwokea kwa moyo mmoja, na jina la binti tutaliandika, ila msalaba hatutauchora. Alicheka. “Basi huo nitauweka mwenyewe,” akasema, na aliukata wa karatasi ya rangi ya dhahabu nyumbani kwake. Ni mteja wetu hadi leo, na ndiye anayetuletea mayai ya kienyeji.

Uoto wa halali ulitusumbua kwa namna nyingine. Baadhi ya manukato ya keki yauzwayo katika vichupa hutengenezwa kwa spiriti, na maandishi ya vichupa hivyo ni madogo kuliko mbegu ya mchicha. Tuliacha kubahatisha. Tunatumia iliki, ambayo hulimwa katika milima ya Usambara na ni sehemu ya utoto wetu, pamoja na ganda la limau lililokwaruzwa. Mafuta ya mgando yasiyosema yametokana na nini tuliyaacha dukani. Wapo watakaosema tunajitia ugumu. Huenda, lakini mtu anayenunua mkate kwa mama Mwislamu hana haja ya kuuliza swali hilo, na amani hiyo ni sehemu ya bei.

Sasa tuseme habari ya ukoko. Anayeoka kwa mkaa anaijua vita hii. Keki inataka moto chini na moto juu: mkaa sehemu moja chini ya sufuria, sehemu mbili juu ya kifuniko, kama walivyopalia mama zetu mkate wa kumimina. Mkaa wa miwati, miti iliyopandwa Njombe tangu enzi za ukoloni kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi, ni mkali na hukaa sana. Tusipouchungulia, keki hushika chini. Tulijifunza kutandika changarawe safi ndani ya sufuria kubwa na kuliweka kopo juu yake, tukajifunza kunyunyiza unga kidogo juu ya changarawe kabla ya kuweka kopo: ukigeuka kahawia upesi, moto ni mwingi mno. Hata hivyo, katika keki kumi, moja itashika. Waokaji wengi huikwangua chini, huifunika kwa krimu, na hakuna anayejua mpaka kisu kifike. Tuliikumbuka habari iliyopokewa katika Sahihi Muslim, ya Mtume (S.A.W.) alipopita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono na vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini ya ile kavu, na jinsi alivyomkemea muuzaji kwa kuuficha. Keki iliyoshika kwetu haipakwi krimu. Huuzwa kwa vipande, wazi, kwa nusu bei, ukoko ukionekana, na tumegundua kwamba vijana wa bodaboda huipenda kuliko nyingine.

Julai tulipiga hesabu ya kweli, mkaa ukihesabiwa, nauli ya basi ikihesabiwa, hata viberiti. Faida ilikuwa shilingi 84,000. Agosti ilikuwa zaidi kidogo. Kila mwisho wa mwezi nusu ilikwenda kwa wadai wa marehemu, kwa zamu, na daftari la madeni likakaa rafu moja na daftari la keki. Walikuja watu wa mikopo, vijana wenye vitambulisho shingoni na maneno matamu, wakaahidi tanuri la umeme ndani ya wiki moja. Waliposoma marejesho tukawa tumeshajua jibu: riba ilikuwa nzito kuliko tanuri. Badala yake tulijiunga na wanawake wanane wa msikitini katika mchezo wa kupeana fedha kila wiki, bila nyongeza, na zamu yetu ilipofika tulimpa kazi fundi wa bati wa Makambako. Alilipasua pipa la lita 200, akalilaza, akaliwekea rafu mbili za nondo na mlango wa bawaba, sinia la mkaa chini na sinia jingine juu, kisha akalifunika kwa udongo uliochanganywa na majivu. Linaingiza mikate minane kwa wakati mmoja. Lilisafiri kwenda Njombe juu ya lori la mbolea, na majirani walitoka nje kulitazama wakidhani ni bomba la maji.

Eda ilikwisha katikati ya Septemba. Tulidhani mwenyewe atarudi kwenye meza yake ya vitenge, na ndugu kadhaa walimshauri hivyo. Alikwenda sokoni mara moja, akaiona meza, akaikodisha kwa msichana wa jirani. Siku hizi mikate ya viazi hutoka Njombe alfajiri kwa basi la kwanza na kupokelewa Makambako, ambako wasafiri wa Songea na wa Mbeya huinunua stendi ikiwa bado ya moto ndani ya kitambaa. Mtoto wa kiume, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye anayekanda donge la Jumamosi. Ana mikono ya baba yake, mipana. Deni la mwisho lililipwa Februari 2023, wiki chache kabla ya Ramadhani, na mdai alipokea, akahesabu, akanyanyua mikono kumwombea marehemu palepale kibarazani.

Limebaki jambo moja ambalo halijatuelekea, nalo ni ule mkate wa kumimina wa mama. Mchele uliolowekwa, tui zito, sukari, iliki, hamira, ute wa yai. Kisha sufuria ya moto na mkaa juu ya kifuniko. Makambako unatoka wa kuridhisha. Njombe unaumuka kama aliyepandwa na mashetani, unamwagika nje ya sufuria, na unaposhuka unakuwa mzito kama tofali. Tumepunguza hamira hadi robo kijiko. Tumejaribu kuumimina kabla haujamaliza kuumuka, na hapo ulikaribia. Shida nyingine ni nazi, ambazo huku hazioti na hufika zikiwa zimechoka. Lakini Jumatano dereva wa lori aliyetoka Tanga ameacha nazi kumi dukani kwa shemeji, zimetikiswa moja moja na zote zina maji. Tano zimekwisha panda basi. Mchele umelowekwa miji yote miwili tangu jana usiku, na madaftari yamefunguliwa kwenye ukurasa mpya, tarehe juu, robo kijiko chini yake.